Koti Jeupe la Mkamwana Wetu

Ukimwuliza mtu yeyote wa upande wetu Sista alikuwa mtu wa namna gani, kabla hajafungua mdomo atajishika kalio, pale alipodungwa sindano. Watu wazima na heshima zao, wazee wa kanisa, hata chifu aliyestaafu. Mkono unaenda wenyewe. Mimi nikimkumbuka, ni bega la kushoto linaloanza kuwasha.

Tulimwita Sista, basi. Jina lake la nyumbani nalijua, na la ubatizo pia, lakini sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa nesi wa dispensari yetu, ile iliyo juu kidogo ya Masimba. Tena alikuwa mkamwana wangu, maana aliolewa na mtoto wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mzee wangu. Kwetu mke wa mtoto wa kaka yako ni mke wa mtoto wako mwenyewe. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililotusumbua miaka yote.

Ninamsimulia kwa ajili ya mjukuu wangu Moraa. Moraa ni nesi katika mji wa Kisii, na hilo nitalisema mpaka siku ya kuzikwa. Akipita sokoni na sare yake, shingo yangu inanenepa. Sasa Moraa alipata nafasi ya kurudi shule asomee yale aliyosomea Sista, awe nesi anayempima mgonjwa mwenyewe, anautaja ugonjwa, anaandika dawa kwa mkono wake bila kungoja daktari apite. Wengine wangepiga vigelegele. Yeye alikuja nyumbani, akakaa jikoni, akavua viatu, akayaangalia maji ya kunawa miguu kama mtu anayeangalia kaburi. Akasema hajui kama ataenda. Kazi aliyo nayo inamchosha hadi mifupa, ya nini kujiongezea nyingine? Rafiki zake wanauza nguo za mitumba soko la Daraja Mbili, na jioni wanacheka.

Mwisho akaniuliza, "Nyanya, Sista alikuwa na kazi. Alikuwa na watoto na shamba. Alirudi shule kutafuta nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta nina majibu mengi, na hakuna moja linalofanana na mwenzake.

Kwa sababu Sista akiulizwa jambo hilo alijibu kulingana na uso ulio mbele yake. Pasta alimwuliza mbele ya watu, akasema Mungu alimwita. Chifu alimwuliza, akasema ni pensheni. Wasichana wa shule waliletwa kuiona dispensari, wakamwuliza, akawaambia ni viatu. Akasema alipokuwa mdogo alimwona nesi mmoja siku ya mvua, amevaa viatu vyeupe na havina tope, na tangu siku hiyo alitaka kujua yule mama anapita wapi. Wale wasichana walicheka, na nimeambiwa wawili kati yao ni manesi leo kwa sababu ya viatu. Mimi nilimwuliza tukiwa shambani, vikapu mgongoni, akanijibu bila kugeuka, "Mama, nilichoka kuchuma chai." Na alichuma chai maisha yake yote, tena haraka kuliko sisi sote, akiwa na kanga juu ya sare, kabla dispensari haijafunguliwa.

Kwa hiyo nilimwambia Moraa asiwajibu watu wa shule bado. Kwanza nilikaa nikamkumbuka mtu huyo mzima mzima, kama unavyokoroga chungu mpaka chini kuona kama kuna kilichoganda.

Mikono yake ilikuwa mikubwa na ya baridi. Watoto waliruka ilipowagusa, na wajawazito walilalamika. Alikuwa akiichovya katika maji moto kabla ya kumshika mtu yeyote, na nesi mgeni akiletwa kujifunza, somo la kwanza lilikuwa hilo. "Maji moto kwanza, maneno baadaye." Kucha zake alizikata fupi mpaka nikadhani anazitafuna. Koti lake alilifua mwenyewe, hakumpa binti yeyote, na alilitia buluu kidogo katika maji ya mwisho ili liwe jeupe la kuumiza macho. Katika mambo mengine hakuwa mtu wa kujiona. Kwa koti lile alikuwa na kiburi cha jogoo.

Alikuwa na ulimi. Ukienda kwake na maelezo marefu alikukata. Jirani yangu mmoja alianza kumweleza kikohozi chake tangu siku ng'ombe alipopotea, Sista akamwambia historia ya ng'ombe akampe chifu, yeye ampe ya kohozi. Mama aliyemchelewesha mtoto mwenye kuhara alikemewa mpaka foleni nzima ikainamisha vichwa. Halafu, huyo mama akiwa bado analia, Sista alimchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni kwake, akaendelea na kazi hivyo hivyo mpaka mtoto akalala. Watu walimwogopa na walimpenda kwa pumzi moja.

Na alikuwa na mambo yasiyoelewana. Sisi tulikatazwa sukari, yeye chai yake ilikuwa uji wa sukari. Yeye wa Sabato, Jumamosi hakuwasha hata moto, lakini mama akishikwa na uchungu alitoka kanisani na Biblia kwapani, akasema mtoto hajui kalenda. Aliwadunga watu sindano kutwa nzima, lakini alipotakiwa kudungwa yeye, siku moja alipokanyaga msumari, alinishika mkono akafumba macho, na kucha zake fupi zilinitoboa. Nilicheka wiki nzima. Alinikataza nisimwambie mtu. Basi sasa nimesema.

Kitu kimoja nilichokiogopa kwake ni namna alivyosoma miguu ya watu. Dispensari iko juu ya kilima, na benchi lake lilitazama njia. Alikaa pale asubuhi na kikombe chake, akiwaangalia wanaopanda. Ananiambia polepole: yule ni mgongo, yule ni mimba anayoificha, yule hana kitu, amevaa viatu vya kuazima. Wakifika juu, ni hivyo hivyo.

Na ndipo linapoingia jambo la ukoo.

Sisi Abagusii tuna kitu tunakiita chinsoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Baba na mke wa mtoto wake hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawasemi maneno ya mwilini. Wakikutana njiani, mmoja anajitenga. Kumwona mwili wake, au yeye kuuona wako, ni mambo ya kutafutiwa mbuzi wa utakaso na wazee. Lakini babu na mjukuu hawana haya hiyo. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu," na mimi namwita Moraa mke mwenza, tunatukanana kwa utani mpaka wageni wanashangaa. Vizazi vinavyofuatana vinaogopana, vinavyorukana vinacheka pamoja. Tumelelewa hivyo.

Sasa mlete mkamwana awe nesi wa kijiji. Kila mzee wa mlima ule, kwa ukoo, ni baba mkwe wake. Mzee akiumwa sikio, sawa, sikio liko wazi kwa kila mtu. Ugonjwa ukishuka chini ya shingo, basi. Wazee walipanda kilima wakikohoa, wakimwona yeye mlangoni wanageuka, wanashuka wakikohoa. Alisema sana neno moja, nami nimelishika: "Ugonjwa hauna adabu. Sisi ndio tunayo, ndiyo maana unatushinda."

Baba mkwe wake mwenyewe, yule shemeji yangu, alikuwa mtu mrefu wa kutembea kwa maringo. Mwaka mmoja akaanza kutembea mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama mtu aliyebeba yai. Sista alimwona kutoka benchini. Hakusema na mtu siku hiyo. Siku ya pili alikuja kwangu, akaniambia baba ana ngiri, utumbo unatoka kwenye kinena, na asipoangaliwa utajifunga huko nje na utamuua. Hakuweza kumwambia mwenyewe. Nikambebea maneno. Shemeji aliyasikia, akauliza swali moja, "Mkamwana ameona wapi?"

Na swali hilo ndilo lililoshika kijiji. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Waliuliza ameona wapi. Mzee akaona haya hata kupita njia ya dispensari, akawa anazunguka na bonde. Na hata angekubali, Sista wakati huo alikuwa nesi wa kawaida tu. Hakuruhusiwa kumpima wala kumwandikia aende kupasuliwa. Ilikuwa lazima asubiri daktari anayezunguka, naye alikuja siku zake. Sista alinituma tena kwa mzee: yeye ameona, lakini haruhusiwi kuandika, basi mzee asubiri daktari. Mzee akajibu atasubiri. Alisubiri mpaka mchana mmoja wa jua kali ngiri ikajifunga, akatapika, akawa wa kijani, wakambeba. Walipofika Kisii walikuwa wamechelewa.

Kwenye mazishi Sista hakulia. Aliosha vikombe. Aliosha vikombe safi, akavirudisha, akaviosha tena. Wanawake wengine walinong'ona kwamba jicho lake ndilo lililomuua mzee. Haukupita muda, tukasikia ameenda shule, amewaacha watoto kwa mama yake. Wakasema amekimbia aibu. Baada ya shule alipelekwa Turkana, na sisi tukaletewa nesi mwanaume, kijana mpole sana aliyeogopa damu.

Halafu siku moja nipo kwenye mahindi, nikaona mtu anapanda kilima, mrefu, koti jeupe linafika magotini. Nikajua kabla sijauona uso.

Alichofanya aliporudi kinasimuliwa mpaka leo. Aliwaita wazee wote uwanjani kwa dispensari. Walikuja, wakakaa kando kando, wakitazama miti. Yeye akasimama upande wa pili na hakusema nao. Alisema na mimi, nami nikawaambia, ingawa kila mtu alikuwa anasikia. Akasema, "Mama, waambie wazee hivi. Mkamwana wao amebaki nyumbani, anapika. Huyu aliyevaa koti si mkamwana. Huyu ni mjukuu wao."

Unasikia kuku. Wazee wakatazamana, maana si jambo la kuamuliwa na mwanamke, na hakuna aliyewahi kulisikia. Mzee wa umri mkubwa kuliko wote, aliyekuwa hana jino la mbele, akakohoa, akamgeukia moja kwa moja. Akamwambia kama ni mjukuu kweli, mjukuu hamwogopi babu, basi aseme kitu juu ya meno yake.

Sista hakungoja. "Babu, wewe huna meno mabovu. Meno yako yalihama, yaliona nyumba imezeeka."

Yule mzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Wote wakacheka. Na akiwa bado anacheka akafungua vifungo vya shati lake palepale, akasema, "Bibi yangu, njoo usikilize hiki kifua."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria. Koti likiwa mwilini ni mjukuu, wanatukanana naye, anawapima, anaandika dawa, anaandika waende kupasuliwa, wanaenda. Jioni alilivua kabla hajafika langoni, akalikunja kwenye mfuko, na kuanzia langoni wazee walewale walijitenga njiani wakatazama pembeni. Wageni walituona wajinga. Sisi tulilala vizuri.

Isipokuwa mzee wangu, mume wangu, ambaye alisahau. Tulikuwa Daraja Mbili na ndizi zetu, siku ya soko, watu wamejaa. Sista alikuja kununua mboga ya sukuma na nyanya, amevaa gauni la maua, bila koti. Jana yake alikuwa amempima presha mzee wangu na walitukanana sana. Huyu mtu wangu alipomwona akafurahi, akapaza sauti mbele ya soko zima, "Bibi yangu, leo hutaki kunishika mkono?"

Nyanya zilimponyoka Sista zikabingirika mpaka chini ya meza ya dagaa wa omena. Wanawake wa kwetu walifunika midomo kwa kanga. Mzee wangu aliona gauni, akaona hakuna koti, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeingia kanisani bila suruali. Aliacha ndizi, aliniacha na mimi, akapotea kati ya nguo za mitumba. Alikaa nyumbani siku nyingi akisema kichwa kinauma, akaogopa kwenda dispensari kutafuta dawa ya kichwa. Mwishowe alinituma na kuku wa kuomba msamaha. Sista mkamwana alimpokea kwa mikono miwili, macho chini. Asubuhi yake Sista mwenye koti alimwita mzee wangu ndani, akamwambia, "Babu, kuku wako ni mzee kama wewe. Tumemchemsha tangu jana na bado anatuangalia."

Huyo ndiye mtu. Lakini nilipomaliza kukumbuka, swali la Moraa lilikuwa bado limekaa palepale. Sista alistaafu, akahamia Nyansiongo, mume wake alipokuwa amenunua shamba lenye majani ya ng'ombe. Siku za Moraa za kuwajibu watu wa shule zilikuwa zinakwisha. Nikamwambia vaa viatu, swali lina mwenyewe, twende tumwulize.

Tulimkuta anatoka kwenye zizi, ndoo ya maziwa mkono wa kulia. Amezeeka vizuri, nywele nyeupe kama lile koti. Alicheka alipotuona. Lakini mimi nilikuwa natazama mkono wa kushoto. Ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai.

Nilikunywa chai, ile ya kwake ya kulewesha kwa sukari. Moraa akauliza swali lake, kwa heshima, akaongeza kwamba ameambiwa habari ya Mungu, ya pensheni na ya viatu.

"Nilitaka kuwakimbia," akasema Sista. Alimtazama Moraa, kisha akanitazama mimi. "Mama utanisamehe. Nilisoma nikiomba wanipeleke mbali, mahali ambapo hakuna mzee hata mmoja aliye baba mkwe wangu. Wakanipeleka. Kule unamwambia mzee lala, analala. Kazi tamu. Lakini kila mzee aliyelala nilimwona baba anazunguka na bonde."

Moraa akasema kumbe hata Sista hakuwa na wito. Sista akajibu kwamba wito anaousikia yeye ni wa ng'ombe, alfajiri. Moraa akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mzito, akasema basi yeye hana cha kukimbia wala cha kukifuata, na pengine afadhali akatae. Nilimwona anaamua. Mtu wangu, niliyemlea, nilimwona anaufunga ule mlango palepale mezani.

Hapo nikashindwa kujizuia. "Mkamwana," nikasema, "mkono wako umeshika nini mfukoni?"

Sista akauweka mkono mezani haraka kama mtoto aliyeiba.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mahindi ya mwaka jana. Nikamwuliza nani amemwangalia. Hakuna. Nikamwuliza kwa nini, na huyu mama aliyewavua mashati wazee wa mlima mzima akainamisha kichwa, akasema kila hospitali ya Kisii na Nyamira ina mtoto aliyemfundisha yeye, wanamwita mama, atawezaje kulala mbele yao na kufunua gauni? Moraa alikuwa amesimama tayari, nesi ameamka ndani yake, akisema twende chumbani nikuangalie. Sista akakataa. Akasema, "Wewe pia ni mtoto wangu. Mtoto haangalii hapo."

Nilitazama huku na huku, na nikaliona. Liko nyuma ya mlango, msumarini, jeupe la kuumiza macho. Amestaafu na bado analitia buluu. Nikasimama na magoti yangu haya, nikalitungua, nikamtupia Moraa.

"Vaa," nikamwambia.

Moraa amekua na hadithi hiyo, hakuhitaji kuelezwa. Akalivaa. Lilimpita magoti, mikono ikameza vidole. Sista alimwangalia kutoka juu mpaka chini, muda mrefu, na mimi sikujua atafanya nini, kwa sababu sheria ile aliitunga kwa ajili ya wengine. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza.

"Mke mwenza," akasema, "hata kunawa hujui? Maji moto kwanza."

Moraa alinawa. Wakaingia chumbani, mimi nikakaa mlangoni nimewapa mgongo. Nikawasikia wakitukanana kidogo, Sista akisema mikono ya wasichana wa siku hizi ni kama ulimi wa nyoka, Moraa akisema tumbo la mke mwenza limejaa sukari tupu. Kisha nikamsikia Moraa, sauti yake imebadilika, imekuwa ya mtu mzima: ni ngiri, ukiisukuma bado inarudi ndani, lakini ipasuliwe kabla haijajifunga.

"Najua," Sista akasema. "Basi niandikie."

Moraa akashusha sauti.

"Siwezi. Mimi nimekuona, lakini siruhusiwi kuandika. Ni lazima uje upange foleni, daktari wa zamu akuangalie upya ndipo aandike."

"Na nifunue gauni tena?"

"Ndiyo, Sista. Usubiri daktari."

Niliposikia hayo nikageuka, hata kama si adabu. Sista alikuwa amekaa kitandani, anashusha gauni lake polepole. "Mama," akaniambia, "unayakumbuka hayo maneno? Uliyabeba wewe." Nikasema nayakumbuka. Moraa alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono yake imemezwa na lile koti, na machozi yanamtoka bila sauti, na hakuna aliyemjibu swali lake tena, wala hakuliuliza.

Nikwambie haraka, usije ukakaa na wasiwasi: Sista alikuja Kisii wiki iliyofuata. Moraa alisimama naye kwenye foleni, daktari wa zamu alikuwa kijana wa mbali asiyemjua mtu, na alipasuliwa akapona. Wodini aliwasumbua manesi wote kuhusu maji moto. Lakini ninachotaka kukisema ni cha siku ileile, tulipokuwa tunaondoka.

Alitusindikiza mpaka langoni, mkono mfukoni, haufichi tena. Moraa alikuwa bado na koti, amelisahau. Alipoliona lango akakumbuka sheria, akalivua, akalikunja vizuri kama alivyosikia linakunjwa zamani. Akalishika kifuani. Akauliza, kwa ile sauti ya mtoto anayetaka kitu, kama anaweza kwenda nalo shuleni.

Aliposema shuleni, mimi nilitazama ng'ombe. Nilihofia nikimtazama yeye nitapiga kigelegele barabarani.

Sista akamnyang'anya.

"Langu linarudi msumarini," akasema. "Kalete lako, tuone la nani jeupe."